Darubini na Mahali Pake pa Kuona

Tumeulizwa swali moja mara nyingi na waalimu wa Bukoba na wa Muleba, nalo ni hili: "Tumepata darubini ya kutazamia mwezi na nyota, lakini haionyeshi kitu. Je, ni mbovu?" Hapana shaka swali hili ni la watu wengi, maana darubini ndogo za siku hizi si mali ya wataalamu peke yao kama ilivyokuwa zamani. Mtoto aliyeko Dar es Salaam au ng'ambo humletea baba yake zawadi. Shule hupewa na rafiki zake. Wengine hununua wenyewe mjini. Chombo hukaa mezani siku tatu, watu wakikishangaa, halafu huwekwa juu ya kabati pamoja na mwavuli uliovunjika. Nasi tumepata kuzitazama kadhaa katika hizo zilizoitwa mbovu, na nyingi zilikuwa nzima kabisa. Kilichokosekana ni kujua mahali ambapo nuru hukutana ndani ya bomba, na jinsi ya kulipeleka jicho mpaka hapo. Basi somo letu la mwezi huu ni juu ya jambo hilo moja.

Twanena habari za darubini ya lenzi, yaani ile ndefu yenye kioo kikubwa mbele na mahali pa kutia jicho nyuma. Iko na aina ya pili, ambayo huikusanya nuru kwa kioo cha kujitazamia kilichobonyea, lakini hiyo ina mambo yake mengine, wala hatutaigusa leo.

Ili kufahamu kazi ya lenzi, hatuhitaji darubini hata kidogo. Chukueni miwani ya kusomea ya mzee mmoja, ile iliyoandikwa +2. Ingieni katika chumba chenye giza kidogo, mlango ukiwa wazi na jua liko nje, mkasimame karibu na ukuta mweupe unaoelekea mlango. Ishikeni miwani mbele ya ukuta, mkiisogeza polepole kutoka ukutani kuja kwenu. Mwanzoni mtaona ukungu wa nuru tu. Kisha, kama nusu ya mita kutoka ukutani, mara mtaona mlango umechorwa ukutani, mdogo, wenye rangi zake, na migomba ya nje imesimama kichwa chini. Mkiisogeza zaidi, picha huharibika tena. Mahali pale pamoja tu ndipo nuru inapokutana. Wataalamu hupaita fokasi, na umbali wa kutoka kwenye lenzi mpaka hapo, kwa vitu vilivyo mbali sana, huitwa urefu wa fokasi. Lenzi ya +2 ina urefu wa sentimita 50. Ya +3 ina sentimita 33 hivi. Twawasihi waalimu walifanye jambo hili darasani kabla ya kuileta darubini, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kuiona migomba kichwa chini ukutani hatasumbuka tena na maneno yatakayofuata.

Darubini ni hiyo hiyo, ila imezidishwa. Lenzi kubwa ya mbele huichora picha ndogo ya mwezi ndani ya bomba, karibu na mwisho wake. Kioo cha jicho, kile kidogo cha nyuma, hufanya kazi ya kioo cha kukuzia tu: hutuwezesha kuikaribia ile picha na kuiona kubwa. Galileo Galilei wa Italia, alipoielekeza darubini yake mbinguni mwaka 1609, alitumia kioo cha jicho kilichobonyea. Mwaka 1611 Johannes Kepler wa Ujerumani alieleza katika kitabu chake kwamba lenzi mbili zilizotuna zaweza kufanya kazi hiyo na kuonyesha eneo kubwa zaidi, ingawa picha itapinduka. Na darubini zetu za lenzi zafuata njia ya Kepler. Kwa hiyo mwenye kuuona mtumbwi wa Ziwa Viktoria umeelea kichwa chini asidhani ameuziwa kitu kibaya. Chombo kinafanya kama kilivyoumbwa kufanya, na nyota haina juu wala chini.

Sasa tufike kwenye kiini. Picha ile ya ndani haikai mahali pamoja kwa vitu vyote. Kitu kikiwa karibu, picha husogea nyuma, mbali zaidi na lenzi ya mbele. Tuchukue darubini iliyo ya kawaida sana kwetu, yenye kioo cha mbele cha milimita 60 na urefu wa fokasi wa milimita 700. (Tarakimu hizi huandikwa ubavuni mwa bomba, na yafaa kuzitafuta kwanza kabla ya yote.) Kwa nyota, picha iko milimita 700 kamili nyuma ya lenzi. Kwa kitu kilicho umbali wa kilomita 2, husogea nyuma robo ya milimita tu, ambayo ni kama si kitu. Kwa mti ulio mita 100, husogea milimita 5. Kwa nyumba ya jirani iliyo mita 20, milimita 25. Na kwa mgomba ulio mita 10 kutoka mlangoni, husogea zaidi ya milimita 50! Basi aliyeirekebisha darubini mchana kwa kumtazama mbuzi wa jirani, kisha usiku akaielekeza mwezini bila kuzungusha kitu, hawezi kuona ila ukungu. Na wako waliofanya hivyo wakasema mwezi umekataa.

Kwa sababu hiyo kila darubini ina bomba dogo la nyuma liwezalo kutoka na kuingia, na kirungu cha kulizungushia. Kazi ya kirungu hicho si kukuza wala kupunguza, kama wengi wanavyofikiri, bali ni kukileta kioo cha jicho mahali pake hasa, nyuma kidogo ya ile picha. Tena yataka uangalifu: katika darubini tuliyoitaja, ukikosea kwa sehemu mbili au tatu za kumi za milimita, jicho makini hutambua. Ndiyo maana kuzungusha kwa haraka, kama mtu achotaye maji kisimani, hupita mahali pa kuona bila kupajua.

Lakini liko jambo jingine linalowashinda watu wa kwetu kuliko hilo, nalo ni kile kipande chenye umbo la kiwiko. Katika sanduku la darubini kuna kipande kifupi kilichopindwa, chenye kioo cha kujitazamia ndani yake, ambacho huigeuza nuru ielekee juu. Watu wengi hukiona ni cha ziada. Hukiacha sandukuni, wakatia kioo cha jicho moja kwa moja katika bomba, maana wasema, "Mbona tutazame pembeni, hali nyota iko mbele?" Hapo ndipo taabu yao inapoanza. Mtengenezaji aliipima darubini pamoja na kiwiko hicho. Nuru ikipita ndani yake husafiri sentimita 7 hivi, pengine na zaidi, kabla ya kukifikia kioo cha jicho. Mkikiondoa, mmekileta kioo cha jicho mbele mno kwa kadiri ile ile, na bomba dogo, hata likivutwa mpaka mwisho, mara nyingi halifiki tena mahali pa fokasi. Tulionyeshwa darubini moja katika wilaya ya Muleba iliyokaa muda mrefu ikiitwa mbovu kwa sababu hiyo tu. Kiwiko chake kilikuwa kikichezewa na watoto wa nyumba.

Tena, sisi wa Kagera tunakihitaji kiwiko kuliko watu wa Ulaya. Bukoba iko karibu digrii 1 na dakika 20 tu kusini ya mstari wa ikweta. Mwezi na sayari, ambazo kwa watu wa kaskazini hupita chini chini upande mmoja wa anga, kwetu hupanda mpaka karibu na utosi. Mtu anayetaka kumtazama Mshtarii akiwa juu kabisa, bila kiwiko, hana budi kulala chali katika nyasi zenye umande huku shingo imepinda. Mwenye kiwiko huinama kidogo tu kama asomaye kitabu mezani. Kiwiko kikitumika, picha husimama wima tena, lakini kulia kwake huwa kushoto, kama maandishi yaliyotazamwa katika kioo. Msishangae ramani ya mwezi ikikataa kulingana na mnayoyaona.

Namna ya kuanza ni hii, na twapendelea sana ianzwe mchana. Ondoeni vifuniko vyote, cha mbele na cha nyuma. Tumeona kifuniko cha mbele chenye tundu dogo katikati lililo na kizibo chake. Watu wengine huondoa kizibo kile kidogo wakadhani wamekwisha kufungua. Kifuniko chote kitoke. Tieni kiwiko, na ndani ya kiwiko tieni kioo cha jicho chenye tarakimu kubwa, 20 au 25. Tarakimu kubwa hukuza kidogo. Ndogo hukuza sana. Hesabu yake ni rahisi: gawanyeni urefu wa fokasi wa darubini kwa tarakimu ya kioo cha jicho. 700 kwa 20 ni 35, basi mwezi utaonekana umekaribia mara 35. Mwenye kuanza na kile cha 4 amejitakia shida, maana anatazama sehemu ndogo ya anga kama mtu atafutaye kuku wake kwa kuchungulia katika tundu la ufunguo.

Kisha kaeni mahali panapoonekana mbali. Walio Bukoba mjini wana kisiwa cha Musira mbele yao ziwani. Walio juu ya vilima vya Kamachumu wana mabonde, na kila mahali siku hizi kuna mnara wa simu juu ya kilima cha ng'ambo. Mnara ni mzuri kuliko vyote, kwa kuwa una vyuma vyembamba ambavyo jicho hutambua mara moja kama ni safi au vina ukungu. Ila uwe mbali, kilomita 1 au zaidi, na jua liwe nyuma yenu. Elekezeni darubini, zungusheni kirungu polepole kutoka mwanzo wa bomba dogo mpaka mwisho, mkitazama wakati wote. Picha itatokea, itakuwa kali, kisha itapotea. Rudini nyuma. Piteni tena. Kila mara mtapunguza safari ya kwenda na kurudi, mpaka mmesimama katikati. Halafu chukueni kalamu mkatie alama nyembamba katika bomba dogo pale lilipotokea. Alama hiyo ni mali. Usiku, mkilivuta bomba mpaka kwenye alama, mko karibu na nyota kwa upana wa uzi, na kilichobaki ni kurekebisha kidogo sana. Papo hapo rekebisheni na ile darubini ndogo ya kulengea iliyo juu ya kubwa, ili zote mbili zielekee mnara ule ule, kwa maana kuirekebisha gizani ni kazi ya kukasirisha.

Usiku ukifika, anzeni na mwezi, wala usiwe mpevu. Mwezi mpevu unang'aa mno, nao ni bapa kama sahani, hauna vivuli. Unapokuwa nusu, tazameni mstari ule ambapo nuru yakutana na giza. Huko milima na mashimo ya mwezi yana vivuli virefu, navyo ndivyo vya kurekebishia. Vivuli vikiwa na kingo kali kama zilizokatwa kwa kisu, mmefika.

Na ikiwa hamfiki? Hapa twaomba wasomaji wasome polepole, maana hapa ndipo darubini nyingi zinapohukumiwa bure. Elekezeni kwenye nyota iliyo kali. Ikiwa haijafika fokasi, itaonekana kama duara la nuru. Zungusheni kirungu na mwangalie duara. Likikua, mnakwenda kinyume; likipungua, mnakwenda njia njema. Sasa, kama mnalivuta bomba nje, na duara lazidi kupungua, mara bomba likagota mwisho hali duara halijawa nukta, jueni kwamba kioo cha jicho kinataka kwenda nyuma zaidi. Pengine kiwiko hakimo. Jaribuni kukivuta kioo cha jicho kidogo kwa vidole kutoka katika tundu lake, bila kukitoa chote. Picha ikisafika, mmepata sababu. Kama kinyume chake, mnalisukuma bomba ndani, duara lapungua, bomba likagota, basi kuna kitu kilichozidi urefu. Wengi hutia kila kilichomo sandukuni kwa pamoja: lenzi ya kuzidisha, kibomba cha kusimamisha picha, na kiwiko, kimoja nyuma ya kingine kama mabehewa. Toeni vyote, mbaki na kiwiko na kioo cha 20.

Mkiwa bado na shaka, iko njia ya karatasi. Toeni kiwiko na kioo cha jicho, elekezeni bomba tupu mwezini, mkashike karatasi nyeupe nyuma yake, mkiisogeza mbele na nyuma. Mwezi utajichora juu ya karatasi, mdogo kama mbegu ya buni, upana wake milimita 6 na kidogo. Pale unapokuwa mkali ndipo fokasi ilipo, na mwaweza kupima kwa rula ni sentimita ngapi kutoka mwisho wa bomba. Mkiona umejichora vizuri, lenzi yenu ya mbele ni nzima. Hapo hapana haja ya kubishana tena kama darubini ni mbovu.

Tumetaja duara la nuru, na hatuwezi kulipita bila kusimulia. Katika shule moja ya Muleba waliwaita wazazi na wazee jioni ya mwezi wa Februari waje kutazama nyota. Walisimama mstari mrefu. Kila mmoja aliinama, akatazama, akasema, "Naona! Ni nzuri sana," akampa mwenzake nafasi. Msichana mmoja wa darasa la tano alisema, "Mwalimu, mimi sioni nyota, naona sahani." Akaambiwa anyamaze, asiwaaibishe wageni. Tulipofika sisi, kweli ilikuwa sahani: duara kubwa la kijivu lililotikisika, ambalo lilikuwa nyota Sirius, ing'aayo kuliko nyota zote za usiku, imetawanywa kwa kukosa fokasi. Mzee mmoja alitunong'oneza baadaye kwamba yeye aliona kope zake mwenyewe tu, lakini aliona haya kusema. Tulipozungusha kirungu, sahani ikanywea, ikawa nukta kali ya nuru nyeupe. Na watu walipotazama tena, walinung'unika: "Mbona mmeipunguza?"

Hawakuwa wajinga. Waliambiwa kwamba darubini hukuza, basi walitazamia nyota iliyokuzwa. Lakini nyota ziko mbali kupita kadiri. Sirius, iliyo katika zilizo karibu nasi, nuru yake husafiri miaka 8 na nusu na zaidi mpaka kutufikia. Kwa hiyo hakuna darubini ndogo iwezayo kuifanya iwe na umbo. Itabaki nukta, ila yenye nuru zaidi, na pembeni yake zitatokea nukta nyingine ambazo jicho tupu halikuziona. Kadiri nukta inavyokuwa ndogo, ndivyo fokasi inavyokuwa njema. Sayari ni habari nyingine: Mshtarii ni duara dogo kweli, na kandokando yake miezi minne imepangwa mstari, ambayo Galileo alianza kuiona tarehe 7 Januari 1610, na tatu kwanza. Mwenye kutaka kuonyesha watu kitu chenye umbo asianze na nyota.

Lakini neno la yule msichana twalihesabu kuwa ndilo lililokuwa na faida jioni ile, na twaomba waalimu wasiwanyamazishe wenye kusema "sioni." Darubini hairekebishwi kwa heshima. Tena macho ya watu hayako sawa. Asiyeona mbali kwa macho yake ataikuta fokasi mahali pengine kuliko mwenziwe, na tofauti hiyo huondolewa kwa kuzungusha kirungu kidogo. Kwa hiyo si ustaarabu kuwaagiza wageni wasiguse kitu. Kila mtu aonyeshwe kirungu kabla ya kuinama, aambiwe, "Zungusha mwenyewe mpaka nukta iwe ndogo." Wenye miwani ya kusomea au ya kuona mbali waivue, kirungu kitatosha. Ila mwenye jicho linalovuta mistari upande mmoja, ambalo waganga wa macho humpa miwani ya namna yake, abaki nayo, kwa kuwa kirungu hakiwezi kumsaidia.

Wako pia wanaofika mahali penyewe na bado picha si safi. Hapo si kosa la fokasi. Sanduku la darubini ya 60 kwa 700 huandikwa kwa fahari kwamba hukuza mara 525, yaani 700 kwa 4, kisha mara 3 ya lenzi ya kuzidisha. Kioo cha milimita 60 hakiwezi kubeba zaidi ya mara 120 hivi; zaidi ya hapo mnakuza ukungu. Kile kioo kidogo chenye herufi SR na tarakimu 4 kiwekeni kando. Vilevile picha hutetemeka kama kitu kilicho chini ya maji ya kijito, kwa sababu ya hewa ya moto itokayo kwenye mabati yaliyochomwa na jua mchana kutwa. Ondokeni hapo, kaeni penye majani, mkiitoa darubini nje nusu saa kabla ili ipoe sawa na hewa. Msitazame kupitia kioo cha dirisha. Na umande wa kwetu ni mwingi. Lenzi ya mbele ikipata ukungu wa maji, nyota zote huvaa ushungi. Ingojeni ikauke yenyewe. Kuipangusa kwa shati au kanga ni kuikwaruza, na mikwaruzo haiondoki.

Kuna na wale walioifungua lenzi ya mbele wapate kuisafisha. Lenzi hiyo mara nyingi ni vipande viwili vilivyowekwa pamoja, cha kioo cha namna mbili, ili rangi za nuru zikutane mahali pamoja. John Dollond wa London alipata hati ya kazi hiyo mwaka 1758, na kabla ya hapo watazamaji walitumia mabomba marefu ya ajabu ili kupunguza ushungi wa rangi pembeni mwa nyota. Vipande hivyo vikirudishwa kinyume, au kimoja kikigeuzwa, hakuna fokasi safi itakayopatikana mahali popote, hata mkizungusha kirungu mpaka asubuhi. Basi ubavu wa pete ukae ulivyo, skurubu zake zisiguswe.

Juu ya jua twasema kwa ukali. Msielekeze darubini kwenye jua kwa sababu yoyote. Lenzi ichomayo karatasi itachoma jicho kwa nukta moja, wala hakuna maumivu ya kumwonya mtu mapema. Masanduku mengine yana kioo kidogo cheusi cha kufungwa katika kioo cha jicho, kilichoandikwa kuwa ni cha jua. Kitupeni, maana hupata moto kikapasuka jicho likiwa papo hapo. Tarehe 1 Septemba 2016, jua liliposhikwa na kuwa kama pete huko Rujewa katika mkoa wa Mbeya, nasi huku Kagera tukaliona limeliwa kwa sehemu, wengi walitumia miwani maalumu ya kupatwa kwa jua. Miwani ile ni ya jicho tupu. Aliyeivaa kisha akainama katika darubini hakulindwa na kitu.

Kwa majira, mwezi wa Aprili na wa Mei mvua zetu ni nyingi, wala hapana haja ya kujisumbua. Juni na Julai anga hukauka, ingawa moshi wa nyasi huja baadaye. Mwezi mchanga wa jioni hulala kwetu kama mtumbwi, nao ni mwema kwa watoto. Wenye subira wamtafute Zohali. Galileo alipomtazama mwaka 1610 alidhani ni sayari tatu zimegusana, maana darubini yake haikuweza kumwonyesha zaidi. Ni Christiaan Huygens wa Uholanzi aliyeeleza mwaka 1659 kwamba ni pete. Mwaka 2025 pete hizo zilitugeuzia ukingo zikawa nyembamba kama uzi, na tangu hapo zinafunguka, mpaka zitakapokuwa wazi kabisa karibu na mwaka 2032. Kwa kioo cha 20 Zohali ataonekana kama punje ndogo ya mtama yenye masikio. Zungusheni kirungu mpaka nyota yoyote iliyo jirani yake iwe nukta, kisha badilini mtie kioo cha 10, mrekebishe tena kwa nusu ya upana wa kidole, na mngoje hewa itulie.